Haki ya Samaki Aliyezungukwa na Ukuta Wetu

Tumeulizwa na mmoja katika ndugu zetu wahudhuriaji wa darasa swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ladhaniwa kuwa dogo. Ana uwanja nyuma ya nyumba yake, na nia yake ni kujenga humo birika la mawe lililoinuliwa juu ya ardhi, alijaze maji, kisha atie samaki wale wa rangi waitwao koi, apate kukaa kando yake jioni pamoja na watu wa nyumbani mwake. Jirani yake amemwambia kwamba huo ni ufujaji wa mali. Shemeji yake amemwambia kwamba mali ni yake, naye afanye apendavyo. Yeye ametaka kujua ni yupi katika hao wawili aliyesema kweli.

Sisi twaona kwamba wote wawili wamesema juu ya fedha, na fedha ndilo jambo jepesi katika mas'ala haya. Mtu aliyelipa madeni yake, akatoa haki za wengine zilizomo katika mali yake, kisha kilichobaki akakitumia kwa kiasi kuupamba uwanja wake, hatuoni la kumlaumu. Watu wa pwani hii hawakuacha kupamba milango yao na kuta zao tangu zamani, wala nakshi ya mlango haikupata kumzuia mtu kumpa maskini. Na aliyebaki na ujira wa kibarua mkononi mwake, huyo hata akinunua kikombe kimoja cha ziada ana la kuulizwa. Hayo yajulikana, nasi hatutayarefusha. Walilolipita jirani na shemeji ni hili: na huyo samaki je? Ndugu yetu amekusudia kutwaa kiumbe chenye uhai, akizungushie ukuta wa mawe kwa umri wake wote, kwa sababu moja tu, kwamba jicho lake lapenda kukitazama. Ana haki gani ya kufanya hivyo? Na akishafanya, ni kitu gani kimemlazimu?

Yafaa kwanza tumjue huyo samaki, kwani mtu hawezi kumtimizia haki yake asiyemjua. Koi si samaki wa bahari yetu wala wa mito yetu. Asili yake ni samaki wa kijivu wa maji matamu, mwenye visharubu mdomoni, ambaye watu wa Asia na Ulaya wamemfuga kwa kumla kwa karne nyingi. Katika nchi ya Japani, mkoa wa Niigata, pande za Yamakoshi na Ojiya, wakulima wa mpunga wa vijiji vya milimani walikuwa wakiwaweka samaki hawa katika vibwawa vya kumwagilia mashamba yao, wapate kitoweo katika miezi ya theluji, maana theluji ya huko huwafungia watu njia. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakaona baadhi ya vifaranga wamezaliwa na mabaka mekundu na meupe. Hao hawakuwatia chunguni. Waliwatenga, wakawazalisha wao kwa wao, baba akamrithisha mwana kazi hiyo. Mwaka 1914 samaki hao walipelekwa katika maonyesho makubwa mjini Tokyo, na baadaye wakaenea duniani mpaka wakafika katika bustani za mahoteli ya kwetu. Basi huyu ni kiumbe aliyetolewa jikoni akapelekwa barazani. Wala asidhani mtu kwamba kutolewa jikoni peke yake ni neema. Yategemea ni nini kinachomngoja huko barazani.

Akitunzwa vyema, koi huishi miaka 25 hata 35, na urefu wake hufika sentimita 60 na kupita. Anayemnunua akiwa mdogo kama kidole aghalabu hajui kwamba amenunua kiumbe kitakachokuwa kirefu kama mkono wa mtu mzima, na ambacho huenda kikabaki baada yake yeye. Tuliweke hilo moyoni, maana ndiko maneno yetu yaendako.

Sasa tutazame ujenzi wenyewe. Huenda msomaji akasema kwamba saruji na mawe ni maneno ya mafundi, hayahusu gazeti letu. Sisi twaona kinyume chake. Katika jambo hili maadili ya mtu hayamo katika maneno yake. Yamo katika kina cha shimo alilochimba.

Chukua birika lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2, na kina cha mita 1 na robo, ambalo kwa samaki hawa ni la kadiri, wala si kubwa. Maji yake ni lita 10,000, na uzito wa maji hayo ni tani 10. Ubavu mmoja wa mita 4 wasukumwa nje, mchana na usiku, kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 3 na ushei. Likiwa lote limo ardhini, udongo hulisaidia kubeba. Likiinuliwa, sehemu iliyo juu haina msaidizi ila ukuta wenyewe. Fundi apangaye mawe juu ya mchanga bila msingi wa zege na nondo, akapaka lipu ikang'aa, amemuuzia mwenyewe ukuta wa kutazamwa kama samaki wake. Ufa katika ukuta wa sebule ni aibu ya mwenye nyumba. Ufa katika ukuta huu, ukitokea usiku, ni kifo cha mwingine, naye hana sauti ya kumwamsha mtu.

Kuinua birika kuna faida mbili za kweli. Maji ya mvua yapitayo uwanjani yakichukua mafuta na dawa za wadudu hayaingii ndani, na mtoto mdogo aliyeanza kutembea hatumbukii kwa hatua moja. (Hii ya pili isimfanye mzazi alale. Mtoto wa miaka mitatu apanda kiti, seuze ukuta.) Lakini kuna na gharama yake, na gharama hiyo mwenye kuilipa ni samaki: jua la kaskazi hulipiga birika juu na ubavuni pia, na maji hupata moto haraka. Maji ya nyuzi 10 za joto yaweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni katika lita moja. Maji ya nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu. Na kiumbe huyu, kadiri joto lizidivyo ndivyo mwili wake utakavyo hewa zaidi. Basi mwenye kumleta mtoto wa nchi ya theluji katika uwanja wa Mombasa bila kivuli cha makuti juu yake, na bila maji yenye kuanguka na kuchanganyika na hewa, amemwalika mgeni katika nyumba ambayo punde haitakuwa na pumzi.

Kisha kuna chokaa na saruji. Zikiwa mpya hutoa ukali majini, ukali ambao huunguza matamvua ya samaki. Dawa yake ni kulijaza birika na kulimwaga, na kulijaza tena na kulimwaga tena, muda wa majuma kadhaa, au kulipaka kitu cha kulizuia, mpaka maji yapimwe yaonekane salama. Kuna na dawa itiwayo katika maji ya mfereji, iitwayo klorini, ambayo sisi twainywa bila ya kudhurika naye yamwua; nayo sharti iondolewe kabla.

Na baada ya hayo yote limebaki jambo lisiloonekana kwa macho, ambalo ndilo liuaalo zaidi. Samaki hutoa uchafu uitwao amonia, nao kwake ni sumu. Mtoni uchafu huo huchukuliwa na mkondo. Birikani hauna pa kwenda, ila ukiwa katika chujio mmeota vijidudu vidogo mno viigeuzavyo amonia kuwa nitriti, na vingine viigeuzavyo nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Vijidudu hivyo havinunuliki vikazoea siku hiyo hiyo. Huchukua majuma manne hata manane kujaa. Hapa ndipo subira ya mwenye birika ipimwapo. Maji ni safi, watoto wauliza kila siku, wageni wamealikwa, na mwenye kuuza samaki asema hakuna neno. Basi samaki watiwa siku ya kwanza, na katika mwezi wa kwanza waelea mmoja baada ya mwingine, naye mwenye nyumba atikisa kichwa aseme ajali yao imefika.

Twalikataa neno hilo. Ajali i mkononi mwa Mola, hapana shaka. Lakini si adabu mtu kuitupia kadari kazi ambayo yeye ameona uvivu kuifanya. Mbona mke wake akiugua hangoji ajali, bali aita daktari?

Watakuja wenye kutuambia: hizi zote ni taabu za bure, huyu ni samaki tu. Kila asubuhi twawaona changu na tasi wakitapatapa sokoni, na hakuna aandikaye makala. Neno hili lina uzito, nasi hatutalikwepa.

Ama kwamba samaki hahisi, hilo halikuthibiti. Mwaka 2003 wataalamu katika nchi ya Scotland walionyesha kwamba samaki mmoja wa mito ya baridi ana mishipa ya fahamu kichwani yenye kuitika kwa kitu chenye kumdhuru, na kwamba alipotiwa dawa kali mdomoni aliacha kula na mwenendo wake ukabadilika. Wako wataalamu wengine wapingao, wasemao kwamba kuitika kwa mishipa si sawa na kuumia, na kwamba ubongo wa samaki hauna sehemu ile ambayo kwa mwanadamu ndiyo makao ya maumivu. Mjadala huo ungaliko. Lakini mtu mwenye insafu, akiambiwa kwamba nyuma ya mlango huenda pana mtu na huenda hapana, hafyatui bunduki. Shaka ya namna hii yamwelekea mwenye nguvu imzuie, haimwelekei mnyonge imhukumu.

Ama kulinganisha na samaki wa sokoni, hapo ndipo tuonapo tofauti kubwa, na wengi huiona kinyume. Husemwa: ikiwa kumwua kwa kumla ni halali, seuze kumweka hai na kumlisha? Lakini mvuvi hakumwahidi changu kitu. Alimkuta katika riziki yake mwenyewe, katika bahari pana, akajitafutia kila siku ya umri wake. Mkataba wa mvuvi naye ni wa saa moja, na lililo wajibu katika saa hiyo ni kutomtesa. Mwenye birika amefanya jambo jingine kabisa. Amemtoa kiumbe katika kujitafutia, akamweka mahali ambapo hapana mdudu wala jani ila alilompa yeye, hapana hewa ila alizozitia yeye, hapana mto wa kukimbilia maji yakichafuka. Amejifanya yeye kuwa mto wake. Na mto haulali, hausafiri kwenda harusini Lamu siku kumi, wala haukatikiwi na stima.

Kila mtoto wa chuoni akijua kisa cha yule mwanamke na paka. Sisi twapenda kukumbusha kitu kimoja tu ndani yake: lawama haikuwa kwa sababu alifuga. Ilikuwa kwa sababu alifunga milango yote miwili, wa kulishwa na wa kujilisha. Ama kufuga kwenyewe, na hata kufuga kwa furaha ya moyo tu, kuna ruhusa. Abu Umair, ndugu yake Anas bin Malik, alikuwa mtoto mdogo mwenye kindege akicheza nacho, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, bali alipokuta kindege kimekufa alimsemesha mtoto kwa upole. Ibn al-Qass, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 335 wa Hijra, alikitungia kisa hicho kimoja risala akitoa ndani yake faida 60, na wanazuoni waliomfuata wameona humo ruhusa ya kufuga ndege tunduni, kwa sharti ya kuwa atapewa chakula chake.

Lakini lililotuathiri zaidi ni mpango wa Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho masheikh wa pwani hii wamekisomesha vizazi na vizazi. Haki ya mnyama hakuiweka katika mlango wa biashara, pamoja na vyombo na mashamba. Ameiweka mwishoni mwa mlango wa nafaqa, yaani masurufu ya lazima, baada ya mke na watoto na wazazi. Mwenye mnyama amelazimika kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa, ama atoe, ama auze, au amchinje ikiwa ni wa kuliwa. Na mara baada ya hapo ametaja neno ambalo wasomaji wengi hulipita mbio: kitu kisicho na roho, kama mfereji au nyumba, mwenyewe halazimishwi kukitengeneza. Akipenda kibomoke, na kibomoke.

Haya yatazame kwa macho ya ndugu yetu aliyeuliza. Leo birika lake ni mawe. Akilijenga, likapasuka, likaota mibaruti, hakuna wa kumdai. Siku atakapotia samaki mmoja, mawe yale yale yamebadilika hukumu: lipu imekuwa ni nafaqa, chujio limekuwa ni nafaqa, na kivuli cha makuti kimekuwa ni nafaqa. Hivyo ndivyo tuelewavyo sisi, na mwenye elimu zaidi atusahihishe.

Tumesema neno juu ya Japani. Turudi kwetu, maana wengi hudhani kwamba kumfuga samaki katika jiwe ni jambo la kigeni. Mwenye kuzitembelea nyumba za kale za mawe za Lamu atalikuta birika la kuogea limejengwa kwa mawe na chokaa, limeinuliwa kutoka sakafuni. Ndani yake waliwekwa samaki wadogo, kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Na chini kabisa, katika sakafu ya birika, fundi alizamisha bakuli la kaure. La nini? Birika likimwagwa kusafishwa, au maji yakipungua siku za ukame, maji ya mwisho hubaki katika lile bakuli, na samaki huteremka humo wakangojea. Bakuli lile, ambalo pengine lilisafiri kutoka Uchina kwa jahazi na kwa msimu, na ambalo tajiri angaliweza kulipachika ukutani wageni walione, alilizika chini ya maji mahali ambapo hapana alionaye.

Sisi tumelizingatia bakuli hilo. Fundi yule hakujenga kwa ajili ya siku birika limejaa. Siku hiyo kila mtu huikumbuka. Alijenga kwa ajili ya siku litakapokuwa tupu. Wala hatusemi kwamba alikuwa na huruma kupita watu wa leo. Huenda alikuwa akiwaogopa mbu tu. Na hapo ndipo penye siri. Samaki wa Lamu alikuwa na kazi, na mwenye nyumba alimhitaji kila usiku aingiapo kulala. Haja haichoki. Kila mbu alipolia masikioni, samaki alikumbukwa. Ama koi hana kazi yoyote kwetu ila kutupendeza, na jicho ni kiungo chepesi kuchoka. Mwaka wa kwanza mwenye nyumba humwita kila mgeni aone. Mwaka wa tatu humwita mgeni mkubwa tu. Mwaka wa saba birika ni la mtumishi, na mtumishi hakuliomba. Basi haki ya samaki huyu wa kupendeza ni nzito kuliko haki ya yule wa mbu, kwa sababu imetundikwa juu ya uzi mwembamba zaidi, nao ni matamanio ya mtu.

Kwa hiyo jawabu letu ni kwamba yafaa, lakini hatulipi jawabu hilo mtu ambaye amelifikiria birika lake akiwa na furaha nalo. Twamtaka alifikirie akiwa amechoka nalo, kisha ajenge. Ni nani atakayelisha akiwa safarini? Stima ikikatika usiku wa joto, pampu ikasimama, kuna nini cha kuyatikisa maji? Mwanawe wa kwanza akienda Ughaibuni kutafuta kazi kama waendavyo vijana wetu, na wa pili hapendi samaki, nani atapokea? Kiumbe kiishicho miaka 30, mwenye umri wa miaka 50 akikinunua hana budi kukitaja katika maongezi yake na warithi, kama atajavyo deni. Likicheka jambo hili mtu, na acheke. Lakini kwanza atuonyeshe ni wapi tulipokosea hesabu.

Liko na suala la maji, nalo si la samaki, ni la binadamu. Birika tulilolipigia mfano lataka kubadilishwa sehemu moja katika kumi ya maji yake kila juma, yaani lita 1,000, ambazo ni mitungi 50 ya lita 20. Mji wa Mombasa wapata maji yake kutoka mbali, kutoka chemchemi za Mzima kwa bomba la miaka ya 1950, na Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere na Tiwi. Na pamoja na hayo iko mitaa ambayo mama wa nyumba hununua maji kwa mtungi. Mtu asiye na kisima wala tangi la kuvuna maji ya mvua ya masika, akachota mfereji wa mtaa wenye kiu kwa ajili ya samaki wa kutazamwa, huyo jirani yake amesema kweli kumlaumu, ijapokuwa hakujua sababu. Na maji yatolewayo birikani yasimwagwe barabarani. Ni mbolea. Mgomba na mlimau huyapenda kuliko maji safi.

Twapenda kuongeza neno juu ya rangi, maana ndiyo inunuliwayo. Jike mmoja wa koi hutaga mayai mamia ya maelfu. Wafugaji huwachambua vifaranga mara baada ya mara, na wale ambao mabaka yao hayakukaa mahali pake huondolewa na kuuawa, mpaka kubaki sehemu ndogo sana. Mwaka 2018 koi mmoja mwekundu na mweupe aliuzwa katika mnada huko Hiroshima kwa yeni milioni 203, thamani iliyopita dola milioni moja na nusu za Marekani. Sisi hatumwonei choyo mwenye kuuza. Lakini mnunuzi na ajue kwamba katika bei ya yule aliye mzuri wamo na wasiokuwa wazuri. Akiridhika na samaki ambaye baka lake limekaa upande, atalipa kidogo, na atakuwa amemwachia hai mmoja ambaye kosa lake ni rangi tu.

Kwa insafu tuseme pia kwamba watu wa Niigata si watu wasiojali. Tetemeko la ardhi la tarehe 23 Oktoba 2004 lilipoipiga Yamakoshi, kijiji kizima kilihamishwa, mabwawa yakapasuka na samaki wengi wakafa. Na wako wafugaji waliorudi kuwatoa waliosalia kwa helikopta. Bila shaka mali ilikuwamo katika nia hiyo. Nia za watu huchanganyika, na samaki aliyeokolewa kwa nia iliyochanganyika ameokoka.

Limebaki onyo moja. Wako wanaochoka na samaki wao wakaona wema ni kuwatia mtoni. Huo si wema kwa samaki wala kwa mto. Ndugu yake koi, yule wa kijivu asiye na mabaka, alionekana katika Ziwa Naivasha mwanzoni mwa karne hii, na haikupita miaka mingi akawa ndiye ajazaye nyavu za wavuvi wa huko kuliko samaki wengine wote. Hufukua tope la chini akitafuta chakula, maji yakachafuka, na mimea ya majini ikang'oka. Aliyechoka na ampe mwenye birika kubwa zaidi, au amwuze, au, kwa kuwa ni samaki wa kuliwa, amle; asili yake hakuwa ila kitoweo.

Ama ndugu yetu mwenyewe, katika barua yake ametuandikia vipimo vya pahali alipopatenga: futi 8 kwa futi 4, na ukuta wa futi mbili, basi. Hapo mna lita zisizofika 1,900, na jua lote la alasiri. Koi hawana nafasi humo, hata mmoja. Kama atapenda, na ajenge birika lake vivyo hivyo, apande mayungiyungi yafunike uso wa maji, na atie samaki wadogo wa kula viluwiluwi, ambao katika mji huu, uliokwisha kuzuriwa na homa ya dengue zaidi ya mara moja tangu mwaka 2013, watakuwa na kazi ya kutosha. Na fundi akimwambia kwamba koi wadogo wa inchi nne watatoshea, amwulize watakuwa na inchi ngapi baada ya miaka mitatu.